Mwongozo wa "git config" na Msomaji Asiyeuliza



Mwongozo ninaotaka kuuhakiki leo ni wa amri moja tu, "git config", ambayo kazi yake ni kusoma na kuandika mipangilio ya Git. Najua baadhi yenu mtauliza mtu wa isimu anatafuta nini huko. Mwongozo ni matini kama matini nyingine: una mwandishi, una msomaji aliyekusudiwa, una sajili yake na kauli zake. Na huyu msomaji aliyekusudiwa amebadilika katika miaka hii miwili mitatu bila ya mwandishi kuarifiwa. Siku hizi anayeusoma mara nyingi si binadamu. Ni wakala wa akili bandia (ama akili mnemba, ama akili unde, ugomvi wa istilahi tuuache kwa leo), yaani programu iliyopewa kazi kwa maneno ya kawaida, ikafunguliwa dirisha la amri, ikaambiwa nenda kafanye.

Kwa wale wasioijua Git, ni programu huria ya kutunza historia ya mafaili, aliyoianzisha Linus Torvalds mwezi wa Aprili 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux. Kila unapohifadhi hatua ya kazi yako Git huandika nini kimebadilika, lini, na nani kabadilisha. Hilo la "nani" ndilo lililonileta hapa. Zamani ilikuwa ya waandishi wa programu peke yao, lakini sasa hata sisi watu wa miswada na kamusi tunaitumia, maana ukiwa na watu kadhaa katika miji mitatu wanaozitia kwenye herufi za Kilatini hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, unataka kujua ni mkono wa nani uliosoma "o" pale ambapo mwenzake angesoma "u". Kwa kazi hiyo sijaona chombo kinachoipita.

Mipangilio ya Git hukaa kwa ngazi. Iko ya mashine nzima, katika faili la /etc/gitconfig. Iko ya mtumiaji mmoja, katika faili la .gitconfig lililo kwenye folda lake la nyumbani. Iko ya hifadhi moja ya kazi, katika .git/config. Na juu ya zote ni ile unayoitamka papo hapo pamoja na amri yenyewe. (Iko nyingine ya nakala za pembeni, ila haifanyi kazi mpaka uiwashe, tuiache.) Ya karibu huishinda ya mbali. Mpango mzuri huu, sina neno nao. Neno ninalo na jina la ngazi ya pili, ambayo waandishi wameiita "global". Anayejua Kiingereza kidogo atadhani ni ya mashine nzima, na anayekijua sana atadhani hivyo hivyo. Kumbe maana yake ni "ya mtumiaji huyu, katika hifadhi zake zote", na ile ya mashine nzima ndiyo iliyopewa jina la "system". Ukurasa wa mwongozo unalieleza hili vizuri tu. Na wakala ukimuuliza maana ya neno hilo atakujibu sawasawa, pengine kuliko mwanafunzi wangu yeyote. Asichokijua wakala ni watu wangapi wanaochangia akaunti ile ya mtumiaji, na hilo hakuna ukurasa unaomwambia alitazame kabla ya kuandika.

Sasa njooni kwenye maandishi yanayosomwa kuliko ukurasa wowote wa mwongozo, nayo ni ujumbe wa hitilafu. Ukijaribu kuhifadhi hatua ya kazi na Git haijui jina lako wala barua pepe yako, na imeshindwa kukisia, hukataa na kukuomba uiambie wewe ni nani. Halafu inakuwekea amri mbili tayari za kunakili, moja ya barua pepe na moja ya jina, zote mbili zina "--global" ndani yake, na chini yake sentensi moja kwamba ukitaka utambulisho uwe wa hifadhi hii tu basi liondoe neno hilo.

Kwa mtu mwenye kompyuta yake ya mapajani huo ni ushauri wa busara kabisa. Mwandishi wa ujumbe alikuwa na picha kichwani: mtu mmoja, mashine moja, jina moja. Na swali la "wewe ni nani" kwa mtu huyo lina jibu, analijua tangu utotoni. Mwulize wakala swali hilo hilo. Hana jina la kujibia, na kazi aliyopewa haijesha, na mbele yake amewekewa sentensi yenye nafasi tupu ya kujaza. Ataijaza.

Katika mradi mmoja wa miswada ninaoshirikiana nao (siutaji, wenyewe wapo na wanasoma) ndivyo ilivyotokea mwaka jana. Wanukuzi wanne walikuwa wanaingia kwenye kompyuta kuu ya mradi kwa akaunti moja ya pamoja, jambo ambalo wahandisi hulikemea lakini vyuo maskini hulifanya kila siku. Kila mmoja alikuwa na nakala yake ya hifadhi, na jina lake ndani ya nakala hiyo. Awamu ya pili ilipoanza zikatengenezwa nakala mpya, ambazo hazikuwa na majina. Wa kwanza kumaliza kazi ya siku alimwambia wakala amhifadhie. Wakala akakutana na ujumbe ule, akatunga jina kutokana na jina la mradi, akatunga na anwani ya barua pepe isiyokuwepo, akaviandika vyote kwa "--global" kama alivyoonyeshwa, akahifadhi, akaripoti kuwa kazi imekwisha salama. Kuanzia saa ile wale watatu wengine hawakuuona ujumbe tena, kwa sababu Git ilikuwa imeshapata jibu la swali lake. Kwa wiki tano kurasa za watu wanne zikawa za mtu mmoja ambaye hajazaliwa.

Mtasema ni jina tu, si lisahihishwe? Hapo ndipo penye ugumu. Jina la mwandishi ni sehemu ya kumbukumbu yenyewe ya hatua, na namba ya hatua (zile herufi na tarakimu 40) inakokotolewa kutokana na kumbukumbu hiyo pamoja na namba ya hatua iliyotangulia. Ukibadilisha jina katika hatua moja, namba yake inabadilika, na za zote zilizofuata. Namba kadhaa zilikuwa zimeshanukuliwa katika orodha ya miswada iliyochapwa. Iko njia nyepesi, faili la .mailmap, ambalo huiambia Git kwamba jina hili likionekana lisomwe kama jina lile. Lakini faili hilo hubadilisha jina kwa jina. Haliwezi kuligawa jina moja la uongo kwa watu wanne. Mwishowe kilichookoa jahazi ni daftari la karatasi la mratibu, alilokuwa akiandika nani kapewa kurasa zipi, na kutokana nalo wakaambatisha maelezo kwa amri ya "git notes", ambayo haiigusi hatua yenyewe. Na maelezo hayo nayo hayasafiri pamoja na hifadhi mpaka uyaamuru yasafiri, lakini hiyo ni hadithi nyingine. Mmoja wa wanukuzi wale alikuwa anaomba nafasi ya kusoma uzamili, na ushahidi wake wa kazi ya mwaka mzima ni historia ile. Ndiyo maana sikubali kuambiwa kwamba haya ni mambo ya mafundi.

Nimesikia wakilaumiwa mnukuzi, akaunti ya pamoja, kampuni ya wakala, kila mtu. Mimi kwa kuwa ni mtu wa matini nalaumu matini. Sentensi ile iko katika kauli ya kuamuru. Binadamu akisoma "endesha amri hii" ndani ya ujumbe wa kompyuta anajua hiyo si amri ya mkubwa wake, ni ushauri wa fundi. Anaupima. Kwa wakala, maneno ya aliyemtuma na maneno ya ujumbe wa hitilafu yanaingia kwa mlango mmoja, yote ni maandishi, na tofauti ya nani ana haki ya kumwamuru ni jambo alilofunzwa kulikisia. Mara nyingi hukisia vizuri. Si kila mara.

Na hapa lugha yetu inatusaidia kuona kitu. Neno "wakala" hatukulibuni kwa ajili ya kompyuta. Ni neno la biashara na la sheria, limekuja pwani pamoja na wafanyabiashara, na leo kijana wa Mwanza ukimwambia "wakala" anafikiria kibanda cha kutolea pesa za simu. Katika maana zake zote hizo wakala ni mtu aliyepewa mamlaka yenye mipaka: kuna uwakala wa jumla na kuna uwakala wa jambo maalumu, na aliyetumwa kuuza ngalawa hana ruhusa ya kuuza nyumba hata kama funguo za nyumba anazo mkononi. Kushika ufunguo ni jambo moja na kuwa na idhini ni jingine. Sasa someni mwongozo wowote wa programu mhesabu "unaweza" zilizomo. Unaweza kubadilisha hiki, unaweza kufuta kile. "Unaweza" hiyo ni ya uwezo, lakini sote tunajua kwamba kwa Kiswahili (na kwa Kiingereza vivyo hivyo) neno hilo hilo ndilo tunalotolea ruhusa: "unaweza kwenda". Watu wa itifaki za intaneti waliliona tatizo hili mapema. Waraka wa RFC 2119, wa Machi 1997, uliandikwa na Scott Bradner mahsusi kwa kufasili maneno ya lazima, ya kupasa na ya hiari, ili watengenezaji wasigombane. Lakini hata waraka ule unasema juu ya kilicho lazima kwa programu. Hausemi ni nani mwenye idhini ya kuamua. Kwa miaka yote hiyo hapakuwa na haja, kwani aliyekuwa anasoma ndiye mwenye mashine.

Nisije nikaonekana naponda tu. Ukurasa wa git-config ni mrefu mno, kwa sababu umeorodhesha mamia ya mipangilio kuanzia rangi za maandishi mpaka namna ya kutia saini, lakini ni maandishi ya watu waaminifu. Ni mrithi wa mila ya zamani ya Unix, ambayo mwongozo wake wa kwanza ulitoka Novemba 1971 na tangu mwanzo ulikuwa na sehemu ya kutaja kasoro za kila amri bila ya haya. Ni mila ambayo sisi wanataaluma tungeiiga katika dibaji za vitabu vyetu tungesomeka vizuri zaidi.

Na yamo mahali ambapo wameandika vyema kabisa. Mfano ni mpangilio wa "safe.directory", uliokuja Aprili 2022 baada ya kugundulika udhaifu wa kiusalama: mtu mwingine katika mashine ya pamoja angeweza kupanda hifadhi ya Git mahali utakapopita, na mipangilio ya hifadhi hiyo ikaendesha amri zake kwa jina lako. Maelezo yake yanasema mpangilio unafanya nini, kisha yanasema unaheshimiwa tu ukiwekwa katika ngazi ya mashine, ya mtumiaji, au papo hapo katika amri, kisha yanasema kwa nini: ili hifadhi isiyoaminika isiweze kujiruhusu yenyewe. Aya fupi. Msomaji akishajua sababu anaweza kuamua vizuri hata katika hali ambayo mwandishi hakuiwazia. Wakala pia. Nimejaribu mara kadhaa kuwapa mawakala kazi inayogongana na sharti hilo, na wengi walisimama wakauliza, wakati katika mipangilio iliyoelezwa kwa mstari mmoja mkavu walipita moja kwa moja. Sidai kwamba huo ni utafiti.

Jambo jingine ni sarufi ya amri yenyewe. Kwa miaka mingi ukiandika "git config user.name" umesoma jina, na ukiongeza neno moja mbele yake umeandika jina. Kusoma na kuandika, vitendo viwili ambavyo athari zake ni kama mbingu na ardhi, vimetofautishwa kwa idadi ya maneno. Mwenye kumpa wakala kazi kwa kawaida humwekea orodha ya amri zinazoruhusiwa bila kuuliza, na orodha hizo aghalabu husema "amri yoyote inayoanza na maneno haya". Aliyeruhusu amri zinazoanza na "git config user.name" akidhani karuhusu kusoma, karuhusu na kuandika. Julai 2024, katika toleo la 2.46, wenyewe walilitengeneza hili: sasa kuna "git config get", "git config set", "git config list", "git config unset" na nyinginezo, kila kitendo na kitenzi chake. Zile za zamani bado zinafanya kazi lakini zimehamishiwa chini ya kichwa cha habari cha zilizopitwa na wakati. Hongera zao. Ila ukurasa haumwambii msomaji kwamba mgawanyo huu unafaa hasa kwa kutoa ruhusa, na kwamba kwa ajili hiyo ni afadhali kuzikataa zile za zamani kabisa. Mawakala nao bado wanaandika za zamani, na si ajabu, maana sehemu kubwa ya yaliyoandikwa juu ya Git duniani yaliandikwa kabla ya 2024.

Halafu kuna suala la kunyamaza. Andika "git config set user.nmae" na jina lako mbele, yaani uwe umekosea herufi. Git itaandika, itanyamaza, na itatoa namba ya kumalizia 0, maana yake mambo ni shwari. Siyo kasoro: Git inakubali majina isiyoyajua kwa sababu zana nyingine huweka mipangilio yao humo humo. Lakini mwongozo haukuambii waziwazi kwamba kufaulu hapa maana yake ni faili limeandikwa, si kwamba Git imekuelewa. Mtu ataona baadaye jina lake halitokei, ataguna, atatazama upya. Wakala mwangalifu atafanya anachofunzwa, yaani kusoma alichokiandika kuhakikisha. Atasoma "user.nmae", atakuta thamani aliyoiweka, ataridhika. Na hata asipokosea herufi hajawa salama, kwa kuwa kigeu cha mazingira cha GIT_AUTHOR_NAME kikiwepo kinaushinda mpangilio wowote. Njia ya kweli ya kujua Git itaandika jina gani ni amri ya "git var GIT_AUTHOR_IDENT". Hiyo iko katika ukurasa mwingine, na ujumbe wa hitilafu hauitaji.

Namba za kumalizia nazo zina yao. Ukijaribu kufuta mpangilio ambao haupo, unapata 5. Ukijaribu kubadilisha au kufuta mpangilio uliomo mara nyingi katika faili, Git inakataa, na unapata 5 vile vile. Hali ya kwanza haina madhara yoyote, ulichotaka kiondoke hakikuwepo. Ya pili ni hatari, ulichotaka kibadilike kimebaki kama kilivyokuwa na pengine viko viwili. Namba 1 nayo inasimamia jina lisilofaa na pia mpangilio usiopatikana. Haya yamo katika mwongozo, yameorodheshwa moja moja bila ya neno la tahadhari. Binadamu haoni shida kwa kuwa anasoma sentensi inayotokea kwenye kioo na haitazami namba. Programu ndiyo inayotazama namba.

Sasa kuna wanaosema dawa ni kuandika miongozo miwili, mmoja wa watu na mmoja wa mashine. Septemba 2024 Jeremy Howard alipendekeza faili la llms.txt, ambalo tovuti ingeliweka kwa ajili ya mifumo hii ya lugha, muhtasari mfupi wenye viungo. Mwaka 2025 likaja faili la AGENTS.md, linalowekwa ndani ya hifadhi ya kazi kumweleza wakala desturi za nyumba aliyoingia. La pili nalipenda zaidi, kwa sababu linamkaribia aliye na idhini: anayeliandika ni mwenye mradi, na anaweza kusema "hapa jina la mwandishi liwekwe katika hifadhi hii tu, na usilibuni". Lakini lisichukuliwe kuwa ni kufuli. Ni maandishi, na wakala anaweza kuyapuuza ama kuyasahau kazi inapokuwa ndefu. Ukitaka kufuli liko: tangu toleo la 2.32 la mwaka 2021, kigeu cha GIT_CONFIG_GLOBAL kinakuruhusu kuielekeza Git kwenye faili jingine badala ya lile la mtumiaji. Mwanzishe wakala na kigeu hicho kikiwa kimeelekezwa kwenye faili lake mwenyewe, na hata akiandika "--global" ataandika humo. Mradi wetu ungekuwa na mstari huo mmoja, wiki zile tano zisingetokea. Mstari huo umeandikwa katika sehemu ya vigeu vya mazingira, mbali na pale penye haja.

Kuhusu miongozo miwili kwa jumla, mimi siikubali. Miwili itatofautiana kwa mwaka mmoja, kama zinavyotofautiana tafsiri mbili za katiba. Na makosa yote niliyoyataja hapo juu yalikuwa yanawaumiza watu kabla ya wakala yeyote kuzaliwa, ila mtu alikuwa analipa gharama kimyakimya kwa kupoteza mchana wake. Kinachotofautiana kweli ni mambo machache. Wakala huusoma mwongozo upya kila mara, na kila neno linachukua nafasi katika kumbukumbu yake ya muda na linalipiwa, kwa hiyo lenye hatari litangulie na rangi za maandishi zije mwisho. Wakala akifunguliwa kihariri, kama inavyofanya "git config edit", anaweza kukwama humo bila kujua kakwama. Na wakala anaweza kudanganywa na maandishi anayoyasoma njiani, hila ambayo tangu Septemba 2022 ina jina lake katika taaluma ya usalama. Hili la mwisho linagusa mipangilio moja kwa moja, kwa kuwa si mipangilio yote ya Git ni maneno tu. Ule wa "core.sshCommand", ule wa "core.hooksPath", na vifupisho vya amri vinavyoanza na alama ya mshangao, vyote huishia kuendesha programu. Katika ukurasa wa mwongozo vimeorodheshwa pamoja na vile vya rangi. Msomaji haonyeshwi kwamba hapa amevuka mpaka kutoka kwenye pambo hadi kwenye kuendesha amri.

Mhakiki akilaumu bila kuonyesha mnamwita msemaji hovyo, basi nitaonyesha. Ningepewa kuandika maelezo ya "user.name" ningeandika hivi:

"Jina la mtu litakaloandikwa katika kila hatua itakayohifadhiwa kuanzia sasa. Likishaandikwa katika hatua haliwezi kubadilishwa bila ya kubadilisha namba za hatua hiyo na zote zinazofuata. Kama unafanya kazi kwa niaba ya mtu, muulize jina lake, usilitunge, wala usilikisie kutokana na jina la mradi au la akaunti. Liweke katika hifadhi hii tu. Liweke katika ngazi ya mtumiaji pale tu ambapo mwenye akaunti ameagiza hivyo, na akaunti haichangiwi na wengine. Vigeu vya mazingira vinaushinda mpangilio huu. Kuhakikisha, usisome mpangilio. Endesha 'git var GIT_AUTHOR_IDENT'."

Sentensi nane. Hakuna hata moja inayomtaja wakala wala akili bandia, na sijaona iliyo ya ziada kwa binadamu. Atakayeweza kuipunguza bila kuibomoa anifahamishe, maana hiyo "usilitunge, wala usilikisie" bado inanikera, nahisi mojawapo inatosha lakini kila nikiifuta moja naona wakala anapenya kwenye ile nyingine.